Shahidi wa Marehemu

"Turudi nyumbani," msichana alisema.

"Tumeshafika," mzee akamjibu. "Kaa."

Walikuwa wa kwanza kuingia katika chumba cha usaili. Mzee alichagua kiti kilicho karibu na mlango, akanyoosha shati lake, akaweka mikono juu ya mapaja. Feni ilizunguka bila kutoa upepo. Nje, kwenye benchi la ukumbini, walikuwa wamempita msichana mwingine, mwembamba, aliyekuja peke yake kwa sababu hakuwa na wa kuja naye.

Huyu wa ndani alikuwa mwaka wa pili wa fiziotherapia. Chuo kilishamwambia asikanyage darasani wala wodini mpaka alipe ada, na tangu hapo alikuwa anabisha mlango hadi mlango. Benki walitaka hati ya nyumba. Shirika la kwanza lilisema linasomesha madaktari na wauguzi tu. Karani wake alidhani fiziotherapia ni kukanda watu mgongo. La pili lilitaka wanamichezo.

"Ungewaambia unakimbia kila siku," mzee alimtania alipopata habari hiyo. "Unakimbizana na ada."

Hakucheka. Ulikuwa umebaki mfuko mmoja tu, wa wanafunzi wa afya waliofiwa na wazazi wote wawili. Cheti cha kifo cha mama yake alikuwa nacho tangu utotoni. Cha baba hakuwa nacho, lakini mfuko ulikuwa unaelewa kwamba si kila anayefia nyumbani huandikishwa. Ilitosha ndugu wa karibu aje athibitishe kwa mdomo wake. Ndiyo maana mzee alikuwa hapo.

Mlango ukafunguliwa. Waliingia watatu: mwenyekiti mwenye upara, katibu, na mama mmoja wa makamo aliyening'iniza miwani kifuani. Msichana alisimama. Mzee alibaki amekaa.

"Mnisamehe, wakubwa. Magoti ya uzee haya."

"Kaa tu, mzee wetu," mwenyekiti alisema. "Wewe ni nani wake?"

"Mjomba. Kaka wa marehemu mama yake."

"Na baba yake?"

"Alikuwa fundi wa paa. Siku moja bati liliteleza, naye akaenda nalo. Mimi nilikuwepo. Walimbeba akiwa anapumua, lakini toka kiunoni kwenda chini alikuwa kama gogo."

"Akakaa muda gani hivyo?"

"Muda mrefu. Hospitali walisema wao wamefika mwisho. Huyu mtoto ndiye aliyekataa. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza chuo. Anachofundishwa asubuhi, jioni anamfanyisha baba yake. Kunja, nyoosha, kaza, achia. Baba mtu anatukana, yeye anahesabu."

Yule mama alitabasamu kidogo, akamgeukia msichana. "Tueleze mwenyewe, mwanangu. Ilikuwaje?"

Msichana alitazama sakafu. "Baba hapendi kusaidiwa. Ukimshika anakwambia mwache. Kwa hiyo ninasimama mbele yake, ninamwambia anifuate." Akanyamaza ghafla. Uso ulimbadilika rangi. "Hakupenda. Alikuwa hapendi."

Katibu aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake.

"Ni kawaida," yule mama akasema kwa upole. "Mume wangu ana miaka mingi kaburini, na mimi mpaka leo nawaambia watu kwamba hapendi nyanya mbichi. Usione haya."

Hapo msichana akalia, kilio cha kukata pumzi, mikono imefunika uso. Mzee alinyoosha mkono kama wa kumgusa bega, akaurudisha.

"Alifariki lini?" mwenyekiti aliuliza, sauti imeshuka.

"Mvua zilizopita."

"Aliumwa sana?"

"Hapana." Mzee alifikiri. "Alichoka kuwa mzigo. Mtu akilala anamsikia mwanawe anahesabu nauli, anajua yeye ndiye aliyemaliza ada ya mtoto kwa dawa, huyo hahitaji ugonjwa mwingine. Alisema afadhali aondoke yeye, mtoto asome. Sikuweza kumbishia."

Mwenyekiti aliwatazama wenzake. Katibu akatikisa kichwa kukubali. Yule mama alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya mtandio wake.

"Nafasi ilikuwa moja," mwenyekiti alisema. "Sioni sababu ya kuwasumbua zaidi. Jumatatu rudi darasani, binti. Baba yako angeona fahari."

"Angeona fahari," mzee alirudia.

Walitoka kwenda kunywa chai. Mwenyekiti aliwashikia mlango, lakini mzee alipunga mkono. "Tangulieni, wakubwa. Tumwache kwanza apanguse machozi."

Walikaa mpaka vishindo vya viatu vikapotea. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kisha msichana akamshika mzee mkono, wakatoka polepole.

Yule mwembamba alikuwa bado kwenye benchi. Akasogeza miguu wapite.

"Wamekuonea huruma?" aliuliza.

Msichana alitikisa kichwa kukubali.

"Pole na msiba, dada," yule akasema. "Mimi nami najua kufiwa kulivyo."

Walifika kwenye ngazi, na ukumbi nyuma yao ulikuwa mtupu isipokuwa yule mmoja. Msichana alishuka daraja moja, akageuka, akasimama mbele ya mzee bila kumgusa.

"Shika chuma," alisema kwa sauti ya chini. "Tanguliza mguu mbovu, Baba."