Biskuti ya Odongo

Nilikuwa namalizia herufi ya mwisho juu ya biskuti kwa aisingi ya sukari ya buluu Mama Opiyo alipoingia jikoni kwangu, hapa Kaloleni.

Alikuwa ameagiza biskuti kumi na mbili za mwanawe anayetimiza mwaka mmoja, kila moja iandikwe Opiyo. Sasa mimi na kiherehere changu! Sisi Wajaluo tunajua Opiyo ni pacha aliyetangulia kuzaliwa, na anayemfuata ni Odongo. Nikaona pacha mmoja hawezi kula mwenzake akitazama. Nikamwongezea Odongo yake moja, kubwa, zawadi yangu.

Mama Opiyo aliisoma. Mkoba ukamteleza begani.

"Alikaa siku tatu tu," alisema.

Nikachukua kisu niikwangue ile aisingi, lakini akanishika mkono.

"Wacha, Dorca. Hiyo jina haijawahi andikwa mahali."

Akaisogelea trei, akanyoosha kidole juu ya zile herufi, akazifuata moja moja bila kuzigusa.

"Bado haijakauka," nilimwambia.

Akavuta kiti, akaketi.

"Nitangoja."