Cherehani Iliyoibwa Rangwe

Eucabeth aliingia ofisi ya bima na kopo la siagi mkononi, akalifungua na kumwaga vipande vya kioo juu ya meza.

"Mlisema mnataka ushahidi," alisema. "Ndio huu."

Karani wa madai, mwanamke wa makamo aliyeitwa Damaris, alisogeza chai yake kando. Alishaona mengi pale Migori, lakini hakuwahi kuletewa kioo ndani ya kopo.

Wiki tatu zilizopita, mchana kweupe, wezi walivunja kioo cha nyuma cha gari la Gordon, baba wa watoto wake, sokoni Rangwe. Eucabeth alikuwa ametoka mara moja tu kumnunulia babake sukari. Aliporudi, cherehani yake ya umeme, aliyoichukua kwa fundi Homa Bay asubuhi ile, haikuwepo. Haikuwepo pasi, wala vitambaa vya sare za shule. Alilia pale pale katikati ya watu, wala hakuona haya.

Cherehani ile ndiyo iliyokuwa ng'ombe wake. Miaka kumi na minne alikuwa amekaa na Gordon huko Suna. Walizaa watoto wawili, wakajenga nyumba ya mawe kwa mkopo wa benki, na bado Gordon hakuwa amepeleka hata kwato moja kwa Mzee Odhiambo, babake Eucabeth. Kila mwaka ng'ombe walikuwa wanakuja Agosti. Agosti ngapi hizo! Mwishowe Eucabeth aliamua kujilipia mahari mwenyewe: ashone, anunue mitamba, Gordon awaswage mpaka Rangwe kana kwamba ni wake. Gordon alikubali upesi, bila hata kujifanya ameumia. Mzee Odhiambo naye alikuwa mgonjwa wa kitandani, na Eucabeth alitaka mzee afumbe macho akijua binti yake ni mke wa mtu.

Habari za bima aliletewa na jirani. Benki ilikuwa imelazimisha nyumba ikatiwe bima, na kumbe bima ya nyumba huwafuata watu wa nyumba hiyo na vitu vyao, hata vikiibwa ndani ya gari.

"Achana na hiyo maneno, Mama Levis," Gordon alimwambia. "Hao watu wa bima ni wezi kushinda wezi. Nitakununulia ingine pole pole."

"Pole pole kama ng'ombe?"

Gordon alitia sahihi fomu ya madai siku ya nne, baada ya kununiwa siku tatu, kisha akatoka nje bila kumaliza ugali wake. Eucabeth alimwona mvivu wa karatasi tu. Zile za kwanza za bima, nyumba ilipokwisha kuezekwa, Gordon alizijaza peke yake, na hadi leo alipenda kusimulia jinsi zilivyomtoa jasho.

Sasa Damaris alikuwa akipitia karatasi moja moja. Ripoti ya polisi ilikuwepo. Risiti ya cherehani ilikuwepo. Gari lilikuwa limefungwa na kioo kilivunjwa, kama masharti yalivyotaka. Eucabeth alianza kuhesabu moyoni ni lini atarudi kazini, kwa maana shule zilikuwa karibu kufunguliwa.

Damaris akavuta faili kuukuu kutoka kabatini. Alisoma ukurasa wa kwanza, akausoma wa pili mara mbili. Alipoinua uso, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mama, wewe unaishi kwa hiyo nyumba?"

"Nitaishi wapi ingine? Hiyo mawe yake nimebeba na kichwa."

"Na unalala hapo kila siku?"

"Yawa! Kwani nimekuja hapa kuulizwa mahali nalala?"

"Pole, mama. Ni kazi tu." Damaris alishika kalamu, akaiweka tena. "Na Bwana Gordon... huwa anakulipa?"

Eucabeth alicheka kicheko cha hasira. "Anilipe? Huyo mimi ndio humnunulia hadi soksi."

Damaris hakucheka. "Hii bima inalipa vitu ya mwenye nyumba, bibi yake na watoto wao. Mtu mwingine mwenye analala hapo, hapana."

"Basi shida iko wapi? Andika ilipwe. Bibi ndio mimi."

Karani alikusanya vipande vya kioo kwa kiganja, taratibu, akavirudisha vyote ndani ya kopo na kufunga kifuniko. Alifanya kazi hiyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akaligeuza faili na kuweka kidole kwenye ukurasa wa pili.

Mwandiko ulikuwa wa Gordon, ule ule mzuri wa kulalia kulia aliomwandikia nao barua za uchumba. Eucabeth akainama, akasoma.

Mke: hakuna.

Watoto: wawili.

Mfanyakazi wa nyumbani: mmoja, Eucabeth. Mshahara: chakula na malazi.