Koti la Kamanda

Kamanda alikuwa mbele ya kikosi, juu ya farasi wake wa bati, na koti lake lilikuwa la njano. Kijana alilisogeza kasha la kioo ili taa isimpige kamanda kifuani. Haikusaidia. Njano ni njano tu.

"Mbona unahangaika hivyo?" baba yake aliuliza. "Waache askari wapumue."

"Naweka sawa tu, baba."

Kuweka sawa, wapi! Alikuwa anaficha kosa lake mwenyewe, na dhamiri ilimsuta hata chai ya asubuhi ikamshinda.

Mambo yalianza zamani. Alipokuwa darasa la kwanza alirudi nyumbani analia, darasa zima limemcheka kwa sababu ya rangi za mchoro wake, akaapa haendi tena shule. Jioni ile ile baba, fundi saa mwenye mkono usiotetemeka, alimkalisha mezani, akamfungulia kitabu cha picha za wapanda farasi wa kale.

"Mwanangu, nina siri," alisema. "Mimi sioni rangi. Zote kwangu ni majivu matupu. Nataka kuliunda jeshi hili, lakini nani atakuwa macho yangu?"

Mtoto alifuta machozi. Tangu siku hiyo baba akawa anaunda askari wadogo kama kidole gumba, mtoto naye anatazama kitabuni na kumchagulia rangi. Zilikuwa rangi za kupimiwa dukani, vikopo havina hata lebo. "Hii ya farasi, baba. Hii ya suruali." Baba anachovya, anapaka, hana maswali. Utani wake ulikuwa mmoja tu, mwanawe akirudi kutoka sokoni: "Wewe nawe, kila siku unauziwa nyanya mbichi! Wameshakuzoea wale!"

Miaka ikapita hivyo, mpaka mwaka jana. Baba alimkatalia safari na rafiki zake, kijana akanuna, na siku ya kumpaka kamanda akalipiza. Kitabuni koti ni la buluu. Akampa njano.

Baba alisita, brashi hewani. "Una hakika?"

"Buluu safi, baba."

Akapaka, tena kwa madaha.

Safari yenyewe ilishasahaulika. Koti halikusahaulika. Na leo jeshi lilikuwa kwenye ukumbi wa maktaba, mbele ya watu, na mwalimu mstaafu wa historia alikuwa njiani, yule mzee ambaye hakuna kosa linalompita, na akilikamata hanyamazi. Angemcheka baba hadharani. Maskini baba wa watu, kosa lenyewe wala si lake!

Ndipo kijana alipoona kibao ambacho baba alikuwa anakisimamisha kando ya kasha. Kilisomeka: SARE NA RANGI ZA KUBUNI.

"Za kubuni? Baba, si tumenakili kitabuni, kila kitu?"

"Acha tu ikae hivyo," baba alisema, bila kumtazama.

Basi amejua. Kuna mtu amemwambia. Kijana aliliacha kasha, akamgeukia.

"Baba, nisamehe. Koti la kamanda si la buluu. Ni la njano. Nilikufanyia makusudi, kwa hasira." Machozi yalimlengalenga. "Uliniamini niwe macho yako, mimi nikakuchezea."

Baba alimshika bega. "Najua. Nililiona siku ile ile."

"Uliliona? Uliliona vipi, nawe huoni rangi?"

Baba alikinyoosha kibao. Nyuma yao kicheko kizito kililipuka. Mwalimu mstaafu alikuwa ameliinamia kasha, miwani imemshuka puani, na macho yake yalishampita kamanda kitambo.

"Hongera, fundi! Majeshi nimeyaona mengi, lakini nani angewaza farasi wa kijani? Kikosi kizima!"

Kijana aliinama haraka, akawatazama farasi mmoja mmoja. Machoni pake walikuwa wa kahawia, wote, kama wa kitabuni.