Wajina

Katika uwanja wa ndege wa Bergen, Norwei, watu kama mia mbili walikuwa wameinua picha za Htay Lwin, na baadhi yao walikuwa wanalia. Sura kwenye picha ilikuwa yake. Jina lilikuwa lake. Lakini maneno yaliyoandikwa chini, kwamba huyu ni mwanafunzi aliyefungwa miaka kumi na saba kwa kudai demokrasia, hayakuwa yake hata herufi moja.

Yeye alifungwa kwa kuiba nyaya za simu.

Kwetu Burma mtu hana jina la ukoo, na akina Htay Lwin hawahesabiki. Jelani walikuwa wawili ndani ya chumba kimoja, kwani wakubwa waliwachanganya wezi na wanasiasa makusudi, ili wasumbuane. Wafungwa wakamwita mmoja Htay Lwin Siasa na mwingine Htay Lwin Nyaya. Wenyewe waliitana wajina.

Siasa aliletewa chakula na mama yake kila baada ya wiki mbili. Nyaya hakuwa na mgeni. Aliyekuwa naye duniani ni bibi yake huko Pathein, na bibi hakujua kama mjukuu yu hai.

"Kula, wajina," Siasa alikuwa akimwambia, akimsukumia nusu ya wali na samaki. "Mama siku hizi anapika kama ana wana wawili."

"Kanijulia wapi mama yako?"

"Nimemwambia humu ndani nina mwizi wangu. Kacheka mpaka askari kamkaripia. Kasema akipata nafasi atampelekea bibi yako salamu."

Mvua zilipoanza, Siasa akashikwa na homa na kuhara damu. Siku ya nne askari wakambeba juu ya mkeka.

"Nilindie nafasi yangu ya kulala," alisema.

Nyaya akailinda. Kila alipouliza, aliambiwa mwenzake yuko hospitali.

Ikapita miezi mitano. Asubuhi moja ofisa mwenye faili akasimama mlangoni na kuita, "Htay Lwin!" Nyaya akaitika. Ofisa akatoa picha iliyokatwa kwenye gazeti la ng'ambo, akaitazama, kisha akamtazama yeye.

"Ni wewe huyu?"

"Sura ni yangu, mkubwa. Lakini anayetafutwa ni mwenzangu, yule aliyepelekwa…"

"Nimekuuliza sura." Ofisa akafunga faili. "Basi kuanzia leo ni wewe. Una bahati, wazungu wamekupenda. Ukibisha, utakaa humu mpaka uote mizizi."

Nyaya akanyamaza. Kunyamaza kule ndiko kulikomtafuna miaka kumi na miwili.

Huko Norwei alipokewa na Bi Torill, mwalimu mstaafu aliyewaandikia majenerali barua kila Jumatatu kwa miaka minane. Mama yule alimsimulia jinsi walivyopigania jina tupu lisilo na sura, mpaka picha ilipowafikia imefichwa ndani ya pakiti ya majani ya chai.

"Tulipokuona tu," alisema, "barua zikawa maelfu kwa maelfu."

Htay Lwin alitabasamu. Kuna mtu amekosea picha, aliwaza, na kosa lake limenifungulia mimi mlango na kumfungia wajina.

Mara moja alijaribu kusema. Katika ukumbi wa kanisa alishika kipaza sauti akasema, "Mimi siye. Htay Lwin wa kweli bado yuko ndani." Mkalimani akatafsiri. Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi.

"Unyenyekevu ulioje!" alisema Bi Torill, akifuta machozi.

Hakujaribu tena. Mwaka wa pili akakutana na mfungwa aliyetoka karibuni, akamwambia kwamba Siasa alifia hospitali. Lini hasa, hakujua. Tangu siku hiyo Htay Lwin akipewa kiti cha mbele alikikalia kama amekalia kaburi.

Majenerali walipolegeza kamba, akapanda ndege kurudi. Hakwenda kwanza kwao. Alikwenda Yangon, kwa Daw Khin Pyone, mama wa Siasa.

Alimkuta ukumbini akimenya kunde. Akapiga magoti, akainama mara tatu, paji la uso likigusa sakafu. Bibi kizee akamtazama.

"Umenenepa," alisema. "Wanakulisha nini huko?"

"Viazi, mama."

"Viazi tu? Maskini."

"Mama, usinionee huruma. Mimi ni mwizi. Niliiba nyaya, kisha nikaiba mlango wa mwanao. Aliyeitwa ni yeye. Wale watu walikosea picha, mimi nikaona na nikanyamaza, naye akafa akingoja zamu niliyoichukua mimi. Nipige, nitukane, nifukuze. Nimekuja kwa ajili hiyo."

Daw Khin Pyone aliendelea kumenya.

"Nani kakwambia alikuwa anangoja?" aliuliza. "Majivu yake nilikabidhiwa wiki ileile alipougua. Nikalazimishwa kutia sahihi kwamba sitasema. Ukisema, wakaniambia, tunaye mwanao wa pili."

"Mama hukuwa na mwana wa pili."

"Walikuwa wanasikiliza maongezi yetu ya jelani, wakasikia nikiuliza kila mara kama mwizi wetu ameshiba." Akaweka bakuli chini. "Na wazungu walikuwa bado wanaliita lile jina kila siku, wananiomba picha. Nikaona jina lenye nguvu namna ile lisipotee bure, na humo ndani bado yupo wa kuliitikia. Nikapanda basi mpaka Pathein, kwa bibi yako, nikamwomba picha yako."