Trauti wa Ijumaa ya Mwisho

Haya yote ni kweli tupu. Mwenye shaka na alete msahafu. Nitatawadha, nitaapa, kisha nitaendelea pale nilipoachia.

Zahor alikuwa amesimama ndani ya wadi, kijito cha bondeni huku Oman, nyuma ya milima ya Al Amerat, maji yamemfika magotini, anarusha nzi. Si nzi wa kweli. Ni nzi aliyemtengeneza mwenyewe kwa manyoya ya mbuzi na kindoana kidogo, akamfunga kwenye uzi mrefu wa fimbo nyembamba. Samaki akimwona nzi anagusa maji humdhania chakula. Ndio uvuvi wenyewe, na Zahor, tangu astaafu kazi ya umeme, hana uvuvi mwengine.

Wala hataki samaki mwengine ila trauti.

Trauti ni samaki wa vijito vya milimani, vya maji ya baridi. Zahor alihadithiwa na Cornelius, Mkenya fundi wa viyoyozi mtaani kwao Mawaleh, ambaye kwao Nyeri kijito kama hicho kinapita nyuma ya nyumba. Cornelius ndiye aliyemfundisha kufunga nzi. Lakini alimwambia mapema.

"Mzee, huku Oman trauti hakuna. Hata ukimleta, haya maji yatampika."

"Wewe umefika wadi zote?"

Cornelius hakuwa amefika wadi zote. Zahor akaona mjadala umekwisha.

Basi msimu mzima wa baridi, kila Ijumaa, Zahor anatoka asubuhi na kurudi magharibi na hadithi. Mara trauti kakata uzi. Mara yeye kamkamata, akamwachia kwa huruma kwa sababu alikuwa mja mzito. Mara trauti kamtazama usoni kwa muda mrefu, wakaelewana.

Mkewe, Bi Shariffa, alisikiliza yote. Mwezi wa Machi, joto lilipoanza kurudi na wadi ikabakia madimbwi, akaweka sufuria chini.

"Baba Atheer, Ijumaa hii nakuja na mie. Na Cornelius aje, yeye anamjua huyo samaki. Ukimtoa, Ijumaa zako ni zako mpaka unaingia kaburini, sitakuuliza neno. Usipomtoa, fimbo nampa binti yako Buthaina atundikie mapazia, na Ijumaa zako zinahamia jikoni kwangu. Wageni hawakatiki humu ndani, na mie nimechoka."

"Nikimtoa trauti mzima?"

"Mzima, nusu, mie sina neno. Atoke majini tu."

Zahor alikosa usingizi. Ijumaa ndiyo siku pekee ambayo hakuna anayemtuma dukani. Akaenda kumlilia jirani yake.

Jirani huyo ni mtu mwaminifu, hana makuu, anasifika mtaa mzima kwa ukweli wake. Jina lake halina haja hapa. Alimsikiliza Zahor, akamwonea huruma, akakubali kutangulia wadini kwa gari lake kabla jua halijatoka, ati akatafute kivuli kizuri na kuteleka kahawa. Ijumaa hiyo akapita kwa Zahor, akachukua sanduku la barafu lililolala mlangoni tangu usiku, akaenda zake. Miwani aliisahau nyumbani.

Wengine walipofika, mkeka ulikuwa umeshatandikwa chini ya mgunga, kahawa tayari, na jirani amekaa, pindo la kanzu limerowa.

Zahor akarusha nzi. Akarusha tena. Vidagaa vya wadi vikaja, vikamnusa nzi, vikaenda zao. Cornelius akatazama saa. Bi Shariffa akajitilia kahawa nyengine.

"Baba Atheer, jua hilo linapanda."

"Sema polepole, mama Atheer. Unamtisha."

"Nani?"

Nzi wa Zahor alikuwa amenasa nyuma ya jiwe kubwa. Akaenda kumnasua, akainama, akatia mkono majini mpaka begani, akakaa huko kidogo. Aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kuswali.

Kisha fimbo ikapinda.

Zahor akavuta, akalegeza, akarudi kinyumenyume, akaomba apishwe ingawa hakuna aliyemkaribia. Samaki mwenyewe hakushindana hata kidogo; Zahor akaeleza kuwa trauti mkubwa hana papara. Mwishowe samaki akatoka majini, mrefu kama mkono mpaka kiwiko, ubavu una rangi ya waridi, mgongo una madoadoa meusi.

Cornelius akachutama. Akamtazama kichwa, akamtazama mkia.

"Ni trauti," akasema. "Haki, mzee, huyu ni trauti."

Zahor akavua kofia, akajipepea, akamtazama mkewe kama mtu aliyekwisha kusamehe.

Bi Shariffa akamchukua samaki, akamgeuza. Tumboni alikuwa na mshono wa uzi mweusi, umepitishwa na mkono uliozoea, na katikati ya mshono limechungulia jani la kotmiri.

"Pilipili nimemtia kidogo," akasema, "kwa ajili ya tumbo lako."

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa, Zahor anakuna nazi na mie, jirani mwaminifu, namenya vitunguu.