Shimo Linaloshukuru

Kila gari-nyumba katika uwanja ule wa Korogwe lilikuwa na shimo lake la maji ya kuogea, kufulia na kuoshea vyombo, na shimo lilijua kuyaonja. Lilitambua jasho la nani limo, likamshukuru kwa jina, kisha likayapeleka maji kwenye migomba. Wasimamizi walihesabu wakazi kwa majina hayo; aliyebaki peke yake alihamishiwa bwenini, gari lake wakapewa wengine.

Ndiyo maana Bi Kidawa, tangu amzike mumewe Makame kwao Pangani bila kumwambia mtu uwanjani, alifua shati moja la Makame kila Ijumaa. Alichuja punje za wali kwa kitambaa, akafungua koki ya kuyashusha maji shimoni, akatega sikio.

“Asante, Kidawa. Asante, Makame.”

Hakuna mwingine aliyemtamkia jina hilo; hata jirani yake Mwanahawa aliuliza tu, “Shemeji hajambo?”

“Hajambo, amelala,” alijibu, akafunga mlango.

Mashati yalipoisha harufu, akaanza kuyavaa mwenyewe. Alilala nayo, akapika nayo, akayatia jasho upya. Kanga zake zikabaki sandukuni. Shimo likaendelea kuwataja wote wawili, naye akajiona mjanja kweli.

Ijumaa hii maji yalishuka kama kawaida.

“Asante, Makame,” likasema. “Pole sana kwa kufiwa na mkeo.”

Bi Kidawa aliiweka chini ndoo tupu. Kisha, kwa sauti nzito isiyo yake, akajibu, “Nimeshapoa.”