Kwaya Aliyoianzia

Mzee mmoja alikuja na gitaa, akiomba kuingia kwenye bendi ya watu watatu waliopiga bluzi, muziki wa machungu. Desturi yao ni moja: kila mtu husema muziki aliupata wapi, kisha mwimbaji wao, mama dobi, hutoa neno la mwisho.

"Mwalimu wangu hana tumbo, lakini hunguruma," alitega mpiga ngoma, fundi bomba. "Ni nani? Bomba lililoziba!"

Mpiga besi aliupata gerezani, wala hakuficha.

"Mimi nilifundisha kwaya ya shule miaka thelathini," alisema mzee.

Mama dobi alikuwa amevua viatu, miguu imemvimba kwa kusimama tangu alfajiri. Alikitazama kidole gumba cha mzee, ukucha wake umepasuka katikati. Akamjua.

"Na wewe, mwanangu?" mzee akamuuliza.

"Kwenye kwaya yako, Mwalimu. Nilikuwa na miaka tisa. Uliniambia nichezeshe midomo tu, nisikuharibie wimbo."

Mzee akainama, akaanza kulirudisha gitaa kwenye mfuko.

"Liache hapo," akasema mama dobi. "Nimechoka, Mwalimu, sina hata nguvu ya kukufukuza. Piga. Leo utanisikia."